Gelule (vidonge vya kumeza vyenye unga ndani) za "kurudisha ubongo" kwenye duka moja la vitu vya asili hapa Goma: nilinunua chupa mbili, munisome mbele ya kununua

Jambo kwenu wote. Nimekawia kuandika hii juu nilikuwa nataka roho itulie kwanza, sikutaka kuandika na hasira. Duka sitaji jina. Iko upande wa Birere, na maduka ya vile iko mingi pale, kwa hiyo musianze kuuliza ni ipi. Sitafuti kuwafungia watu biashara, kile kinaniuma ni ile chupa na vile iliuzwa.

Mudogo wangu ni motari. Mwezi wa tatu, usiku kama saa tatu, alikuwa anatoka Ndosho na kliya nyuma, mvua imetoka tu kunyesha, akakutana na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo, imepakia viazi na haina taa, akafunga fre, pikipiki ikateleza, yeye akaenda na kichwa kwenye lile jiwe letu la volkano munalijua. Kaske, ile kofia ya pikipiki, alikuwa nayo lakini aliitundika kwenye gido (usukani). Kliya aliumia goti tu. Yeye alizimia dakika kadhaa, akaamka, akatapika mara mbili, akaanza kuuliza "pikipiki iko wapi", unamujibu, dakika moja inapita anauliza tena "pikipiki iko wapi". Niliisikia kwenye simu ya yule kliya na mpaka leo nikikumbuka ile sauti mwili unasisimuka.

Hospitali walifanya kazi yao, siwezi kusema mubaya juu yao. Skana ilionyesha damu kidogo upande wa kushoto, hawakupasua, walimulaza siku 9. Siku ya tatu alishikwa na kifafa, mwili muzima ukatetemeka, wakamuanzisha fenitoini, dawa ya kuzuia kifafa, na wakasema ataendelea nayo nyumbani.

Nyumbani njo niliona ukubwa wa shida. Mutu mwenye alikuwa anahesabu franga bila kuangalia, noti zinapita kwenye kidole kama karata, sasa anakaa kwenye mukeka, anatoa noti za 500 na za 1000, anaanza kuzipanga, anafika katikati anasimama, anazirudisha zote pamoja, anaanza upya. Mara ya tatu alinisukumia zote bila kuniangalia, akasema "dada, hesabu wewe". Ana miaka 26. Jua lilikuwa linamuumiza macho, kelele za watoto zinamukasirisha, mchana kutwa analala na usiku macho makavu. Kichwa kinauma kila siku. Asa kwenye hali kama hiyo mutu akikuambia kuko dawa ya kurudisha ubongo, utaenda tu. Nilienda.

Niseme ukweli juu ya duka lenyewe: ni safi, wanapokea muzuri, yule dada wa kaunta alinipa kiti na maji mbele ya kuniuliza natafuta nini, fakti wanatoa, na asali yao ni asali kweli, nimeinunua mara tatu. Tangawizi na mizizi ya manjano wanauza mibichi, bado na udongo juu, na hiyo ni alama nzuri nitaeleza mbele kidogo. Chupa yenyewe ya gelule 60 ilikuwa dola 35, mbili dola 65. Kwenye etiketi: manjano, mbegu za zabibu, chai ya kijani, pilipili manga. Mbili kwa siku. Nikamueleza habari ya mudogo wangu, akanisikiliza na huruma, naamini huruma yake ilikuwa ya kweli, kisha akasema: "Dada, kichwa kikigongwa ubongo unaingia kutu. Hii ni antioksidanti ya mimea, inatoa kutu. Miezi mitatu atakuwa kama zamani."

Mimi nafundisha biolojia na kemia sekondari. Hilo neno antioksidanti nilikuwa nalijua mbele yake, na njo lilinifanya nifungue mufuko, juu kile alisema kilifanana na kile najua. Angesema ni jini au ni maji ya baraka ningeondoka. Lakini alisema kitu nusu yake ni kweli, na ile nusu ya kweli njo ilibeba ile nusu ingine mpaka nyumbani kwangu.

Nusu ya kweli ni hii. Kichwa kikigongwa kuko majeraha mawili. La kwanza ni la ile sekunde ya kugongwa, hilo limekwisha, hakuna mutu atalirudisha nyuma. La pili linakuja pole pole, masaa na siku zinazofuata: ubongo unavimba, damu haifiki muzuri, seli zilizoumia zinamwaga vitu vyenye vinaumiza jirani zao, na mitokondria, zile jiko ndogo za ndani ya seli, zinaanza kutoa radikali huru, chembe kali zenye zinaharibu seli, kupita kiasi. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, na umejaa mafuta ya aina inaharibika haraka na oksijeni, kama mafuta ya kupikia yakikaa wazi siku mingi yananuka. Kwa hiyo "kutu" si neno baya. Na mimea kweli iko na vitu vya kupambana na hiyo: kurkumini kwenye manjano, kwesetini kwenye vitunguu, resveratroli kwenye zabibu, katekini kwenye chai. Zingine hazipigani na kutu zenyewe tu, zinaamsha seli itengeneze kinga yake.

Sasa nusu ingine. Karibu yote yenye munasikia ya kufurahisha ilifanyika kwa panya. Mwaka 2006 kuko watafiti kule Marekani walionyesha panya wenye walikula kurkumini walipata kutu kidogo kwenye ubongo na walijifunza muzuri kuliko wenzao baada ya kugongwa. Nilifurahi niliposoma, nikarudia kusoma, nikaona kitu: wale panya walipewa kurkumini kwenye chakula kwa wiki nne MBELE ya kugongwa. Mudogo wangu alianza gelule wiki tano NYUMA ya kugongwa. Lile jeraha la pili, lenye ile kutu inasemwa zaidi, sehemu yake kubwa iko kwenye masaa na siku za kwanza. Dawa ikifika wiki ya sita inamukuta nani?

Na kwa watu, historia ni ya uchungu. Corticosteroids, dawa zenye madaktari walizitumia miaka mingi juu ilionekana zina akili, zinapunguza uvimbe, walipozijaribu kwa wagonjwa zaidi ya 10,000, matokeo yakatoka 2004: wale waliopewa walikufa zaidi kuliko wale hawakupewa. Progesterone, ambayo ni homoni, ilifanya vizuri kwa panya kabisa, mwaka 2014 majaribio mawili makubwa yakatoka pamoja na haikusaidia watu. Kama dawa zenye zimepimwa miligramu kwa miligramu, zinaingizwa kwenye mushipa masaa machache tu baada ya ajali, zimeshindwa vile, chupa ya dola 35 inapata wapi ujasiri wa kusema miezi mitatu? FDA, ile mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilishaonya watu tangu 2013 kwamba hakuna kirutubisho cha kwenye chupa chenye kimeonyeshwa kutibu mutikisiko wa ubongo. 2013! Na sisi huku bado tunauziwa.

Nirudi kwa mudogo wangu. Siku za kwanza hakuna kitu, kucheua tu harufu ya manjano, na gelule moja ilipasukia kwenye shuka ikaacha doa la njano mpaka leo halijatoka. Mimi nilikuwa nalazimisha kuona mabadiliko, nikamwambia mama "leo ameongea vizuri". Kama siku ya 12 akaanza kutembea kama mulevi. Anashika ukuta akienda chooni. Maneno yanavutika. Nikamwambia aangalie pembeni, macho yakawa yanaruka ruka, madogo madogo, kama mutu anasoma kitu upesi sana. Jirani mumoja alisema kwa sauti ya chini ameanza kunywa pombe, na mama yangu alilia juu ya hilo neno kuliko juu ya ajali.

Tukarudi hospitali. Daktari alikuwa kijana, amechoka, kuko watu wengi kwenye korido, lakini aliuliza swali moja lenye hakuna mutu alikuwa ameuliza: "Mbali na dawa zetu, anakunywa kitu gani kingine?" Nikatoa chupa kwenye sakoshi. Akaigeuza, akasoma maandishi madogo na kidole, akafika kwenye pilipili manga, kidole kikasimama pale.

Akanieleza, na mimi baadaye nikaenda kusoma zaidi. Kurkumini peke yake mwili hauipokei, inapita tu. Mwaka 1998 kule India waliwapa watu wazima gramu 2 za kurkumini, kwenye damu karibu hawakuona kitu, wakaongeza miligramu 20 za piperini, ile yenye inafanya pilipili manga iwashe, kurkumini kwenye damu ikapanda mara 20. Njo maana watengenezaji wengi wanaiweka. Lakini piperini inafanya vile kwa kulegeza kazi ya ini na utumbo, fasi mwili unavunjia dawa, na haichagui, haisemi nitasaidia manjano tu. Fenitoini pia inapita pale pale, na imeonyeshwa kwa watu kwamba piperini inaipandisha kwenye damu. Na fenitoini ni dawa yenye nafasi ndogo sana kati ya kipimo cha kuponya na kipimo cha kuumiza. Ikizidi kidogo: kizunguzungu, kutembea kama mulevi, maneno kuvutika, macho kuruka. Yote yenye nilikuwa nayaona nyumbani.

Daktari alisema haapi kwamba ni chupa, lakini kwake njo sababu ya kwanza. Akaisimamisha, akapanga upya fenitoini, akatuambia turudi kila siku mbili. Wiki moja na nusu alikuwa anatembea muzuri. Akaongeza kwamba manjano mengi ya kwenye gelule yanaweza pia kuifanya damu igande pole pole, na huyu ni mutu mwenye kichwa chake kimetoka kuvuja damu. Na ini: kuko watu Italia, Marekani na Australia walioumia ini kwa sababu ya vidonge vya manjano. Manjano ya kwenye sufuria na manjano ya kwenye gelule si kipimo kimoja kabisa.

Nawaomba muelewe vizuri hapa, juu kuko mutu atasoma nusu: MUSISIMAMISHE dawa ya kifafa bila daktari. Kuachisha ghafla kunaweza kuleta kifafa chenye hakikatiki. Cha kuacha kilikuwa chupa.

Kwa hiyo alama zangu kwa duka. Usafi na mapokezi, 5 juu ya 5. Asali, 5. Mizizi ya manjano, 5 pia, na ni hivi: kule Bangladesh watu walikuwa wanachanganya manjano ya unga na rangi yenye iko na risasi ndani, ile metali, ili ing'ae, na risasi ni sumu ya ubongo yenyewe. Utafiti ulitoka 2019, serikali ikawapiga wauzaji faini, mwaka ule manjano 47 kwa 100 yenye walipima sokoni yalikuwa na risasi, 2021 ikafika sufuri. Ilipofuatwa ilikwisha. Hapa kwetu manjano ya unga yanafika kwenye mifuko haina hata jina, kwa hiyo ununue muzizi, uutwange wewe mwenyewe, rangi itatoka ya kawaida na mutaijua. Duka lenye linauza muzizi na udongo wake linastahili sifa.

Gelule, 1 juu ya 5, na hiyo moja ni kwa sababu angalau waliandika pilipili manga kwenye etiketi, daktari akaweza kuisoma. Kuko chupa zingine haziandiki kitu.

Kuuliza muteja, sufuri. Hii njo inaniuma. Hakuniuliza anakunywa dawa gani. Nimesimama mbele yake dakika 20, nimemueleza kifafa, nimemueleza hospitali, swali moja halikutoka. Si lazima awe daktari kuuliza lile swali. Muuza samaki pale Virunga anakuuliza unapeleka mbali ama unapika leo, juu anajua sambaza zitaoza njiani.

Bei nayo. Dola 65 kwa familia yetu ni seansi sita za kine (mazoezi ya kurudisha mwili, na mutaalamu wake) na kitu kinabaki. Nilizipeleka kwenye chupa wakati kine tulikuwa tumeisimamisha juu hakuna pesa. Hilo sijajisamehe bado.

Kile nimeona kinasaidia na macho yangu, wengine musichukue kama sheria, kila kichwa ni chake: kine amerudi mara mbili kwa wiki, anamufundisha kusimama na muguu mumoja akihesabu kwa kurudi nyuma kutoka 50. Usingizi wake tunauheshimu kama wa mutoto. Daftari ndogo kwenye mufuko wa shati, anaandika kila kitu, nimekunywa dawa saa mbili, mama ameenda soko, nani amepiga simu. Simu dakika chache halafu inazimwa. Pombe hapana kabisa. Pikipiki hapana, mpaka daktari aseme, na hiyo njo vita yetu ya kila siku juu yeye anasema pikipiki ni maisha yake na mimi sina jibu la kumupa.

Na chakula, ndiyo, mimea, sikatai mimea! Lengalenga, vitunguu, nyanya, maharagwe ya Masisi, avoka, marakuja, sambaza zimekaangwa na manjano kidogo ya ule muzizi. Hapo antioksidanti iko mingi, inakuja na vitu vingine mwili unavihitaji kujijenga, na daktari hakuikataza. Sisemi lengalenga inarudisha ubongo. Nasema mutu mwenye anapona anahitaji kula, na dola 35 kwenye soko la Virunga zinajaza kikapu zaidi ya mara moja.

Kitu kimoja tena kwa wamotari na familia zao, hata kama haihusu duka. Masaa ya kwanza njo yana thamani. Mwaka 2019 utafiti wa watu zaidi ya 12,000 ulionyesha dawa moja ya bei ndogo ya kuzuia damu, asidi ya traneksamiki, ikipewa ndani ya masaa matatu inapunguza vifo kwa wale wenye jeraha la kichwa si kali sana. Masaa matatu, si wiki tano. Mutu akigonga kichwa halafu anatapika, ama kichwa kinazidi kuuma, ama analala haamuki vizuri, ama anarudia swali moja kama wangu, ama anatetemeka, ama maji yanatoka kwenye sikio, hospitali ile ile saa, usiku hata mvua. Musimulaze nyumbani mungoje asubuhi. Na kaske ivaliwe kichwani.

Nilirudi duka na ile chupa ya pili haijafunguliwa, kipande cha plastiki bado juu ya kifuniko, na fakti. Yule dada alinisikiliza, alisikitika, aliniuliza anaendelea vipi, lakini akasema kitu kikishatoka hakirudi, ni sheria ya bosi. Nikamuomba basi kama pesa hairudi waandike kwenye karatasi waweke kaunta: "Kama mugonjwa anakunywa dawa ya hospitali, utuambie mbele ya kununua." Alichukua kalamu akaandika hayo maneno mbele yangu nyuma ya fakti yangu, akasema atamuonyesha bosi. Bosi anakuja duka siku ya alhamisi. Nitapita alhamisi muchana, mudogo wangu amesema tutaenda wote, anataka ahesabu yeye zile dola wakizirudisha.